Zege la Maji ya Bahari

Zege lile walilichanganya kwa maji ya bahari. Vlasta alijua siku ileile kwamba ni kosa, kwa sababu alikuwa mfanyakazi wa maabara katika kiwanda cha chuma huko Sisak, bara ya Kroatia, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupima jinsi chumvi inavyokula chuma. Alimwambia mumewe. Drago alikuwa amelala kifudifudi chini ya karavani yao, ile nyumba ya kuvutwa na gari, mwiko mkononi, akajibu bila kugeuza kichwa kwamba maji ya bomba yamekwisha kukatwa, msimu umefungwa, na wao wanachotaka ni karavani ivuke majira ya baridi tu.

"Mwakani tutalivunja," alisema.

Hawakulivunja. Mwaka uliofuata Drago alizungushia mbao kuanzia sakafu hadi chini, akazipaka rangi ya kijani, na magurudumu mawili yaliyozama hadi nusu kwenye zege hayakuonekana tena.

Sababu ilikuwa bura. Upepo huo hushuka kwa ghafla kutoka milima ya bara, na vuli ile ya zege ulikuwa umepindua karavani mbili za safu ya mbele katika kambi ya likizo ya Smokvica, kisiwani, na ya tatu ukaitupa baharini. Kila mtu wa safu ya mbele alitafuta dawa yake. Wengine walipigilia vigingi vya chuma. Tone, jirani yao kutoka Slovenia, alifunga kamba kwenye misonobari, akawa anazikaza na kuzilegeza kila mwaka kama mtu anayelinganisha nyuzi za gitaa. Drago alimwaga zege. Jambo hilo lilikatazwa, kwa maana sheria ilikuwa wazi: kitu kinachotembea ni mgeni, kisichotembea ni nyumba, na nyumba inataka kibali. Kila masika mkaguzi wa halmashauri alipita. Drago alimketisha, akampa pilipili za kuchoma na pombe ya majani, na mkaguzi alipouliza, "Hii inatembea?" alijibiwa, "Inatembea kuliko mimi." Mkaguzi aliupiga teke mkono wa mbele wa kuvutia karavani, ukatikisika, akaondoka ameridhika.

Sasa kambi ilikuwa imenunuliwa na kampuni kutoka nje ya kisiwa. Vibanda vya mbao vyenye mabafu vilikwisha kujengwa pembeni, na sasa vilitakiwa pia kwenye safu ya mbele. Tangazo lililobandikwa mapokezi mwezi wa Juni lilisema kwamba wageni wa zamani watapewa viwanja kwenye uwanda wa juu, nyuma ya mizeituni, kwa sharti moja: karavani ipite lango la juu kwa magurudumu yake yenyewe kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Isiyopita itahesabiwa kuwa taka na kuondolewa.

Kwa wengi wa safu ile huo ulikuwa usumbufu wa likizo. Kwa Vlasta ulikuwa jambo jingine. Tetemeko la ardhi la Desemba moja liliipasua nyumba yake huko Sisak, nyumba ikabandikwa karatasi nyekundu ya kukatazwa kukaliwa, kisha ikabomolewa. Yeye na Drago walipewa kontena katika makazi ya muda, na makazi ya muda yalikuwa bado yapo. Kontena lilikuwa na dirisha moja lililotazama kontena jingine. Drago alifia humo katika baridi ya pili, akiwa anavaa viatu. Tangu hapo Vlasta aliishi kontenani kuanzia Oktoba hadi Machi, na kuanzia Aprili hadi Septemba aliishi Smokvica, ndani ya karavani, mahali ambapo aliamka, akateremka hatua chache, akaingia majini. Hakuiita likizo tena, ingawa watu wote waliomzunguka walikuwa likizoni. Nusu ile ya mwaka ndiyo iliyomfanya aivumilie nusu ya pili. Hilo lilikuwa jambo analolijua kwa hakika, kama alivyojua joto linaloyeyusha chuma.

Jumatatu ya wiki ya mwisho aliwaita majirani kwa kahawa na kuwaambia kwamba karavani yake haitasogea.

"Matairi yako yana upepo lakini?" Tone aliuliza. Alikuwa fundi wa mabomba mstaafu, mwembamba, kifua wazi tangu Mei. "Yangu nimeyajaza jana. Pampu ninayo."

"Tatizo si upepo, jirani. Yamo kwenye zege."

Tone aliweka kikombe chini. "Kwenye zege namna gani?"

"Hadi nusu. Yote mawili."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Alimgeukia mkewe. "Jelka, unasikia? Miaka yote ile marehemu ananisimanga na kamba zangu. 'Tone, karavani yako inarukaruka kama kuku, Mslovenia hajui kuegesha.' Nikawa nalala nimevaa suruali, nasikiliza kamba! Kumbe mwenzangu kajenga ghorofa!"

"Tone, muache mama wa watu," Jelka alisema.

"Simgusi yeye. Namgusa Drago, na Drago angekuwa hapa angenijibu."

"Angekujibu," Vlasta alisema, "kwamba bahari yenu ni fupi hadi mtu akilala chali miguu inaingia Italia."

"Si ndiyo sababu tunakuja kuazima yenu!" Tone alicheka, kisha akaacha. Aliinama, akaupenyeza mkono kati ya mbao mbili za kijani, akapapasa. Alipoutoa ulikuwa na vumbi la kutu kwenye vidole. Aliufuta kwenye kaptura yake. "Haya. Nyundo ninayo. Tindo ninazo. Nani ana mtaimbo?"

Walibandua mbao siku hiyo hiyo. Zege lilikuwa la kijivu iliyofifia, lenye makombe madogo na kipande cha chupa ya kijani kilicholainishwa na mawimbi, kwa sababu hata mchanga na kokoto Drago alivichota ufukoni. Tone alilipiga mara ya kwanza, nyundo ikamrudi hadi begani.

"Shetani," alisema kwa heshima. "Alitia saruji kiasi gani huyu?"

"Mifuko yote aliyokuwa nayo."

"Nilidhani maji ya chumvi yanalegeza."

"Watu wengi hudhani hivyo," Vlasta alisema. "Zege hayalidhuru sana."

Hakumaliza maelezo. Tone alipokwenda kutafuta tindo ndefu zaidi, Vlasta alilala chini mahali alipolala Drago, akachukua kisu cha jikoni na kukwangua ekseli pale ilipoingia kwenye zege. Kutu ilitoka kwa magamba makubwa, gamba juu ya gamba, kama maganda ya kitunguu. Aliendelea kukwangua hadi kisu kilipogusa chuma kizima. Kilichobaki kilikuwa chembamba kuliko kidole chake kidogo. Kisha akaifuata chesisi, fremu ya chini, kwa mkono, kutoka ekseli hadi mbele, akiigonga kwa mpini wa kisu. Mahali pengine ililia. Mahali pengine haikulia, imeoza. Aliinuka, akafuta magoti, akakiosha kisu na kukirudisha mahali pake.

Hakumwambia Tone. Haikuwa kwa kutaka kuficha. Alifikiri hivi: uwezekano ni mdogo, lakini si sifuri, na watu wakijua ni mdogo watapiga nyundo kwa nguvu ndogo vilevile.

Walipiga nyundo Jumanne na Jumatano. Jelka, mwenye magoti mabovu, alikaa kwenye kiti kifupi akizoa vipande kwa ndoo. Wapita njia walisimama. Mjerumani mmoja kutoka vibanda vipya aliuliza kama wanachimba kisima. "Tunamtafuta mume wake," Tone alijibu, na Vlasta alicheka kabla hajajua kwamba atacheka, kicheko kikavu kilichomshtua Jelka.

Jumatano alasiri alikuja Petra, meneja. Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, kitambulisho shingoni, viatu vyeupe.

"Mama Vlasta, samahani. Naomba kati ya saa nane na saa kumi na moja msigonge. Wageni wanalala."

"Hata mimi ningelala, binti," Tone alisema. "Waambie walete mito yao hapa, nitawapigia polepole."

"Mzee Tone, mimi naomba tu."

"Tutaacha," Vlasta alisema. "Unataka kahawa?"

Petra alisita, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengojea daktari. Aliangalia magurudumu. Tairi la kushoto lilikuwa limefunuliwa karibu lote. La kulia lilionekana robo.

"Mimi sikuandika lile tangazo," alisema.

"Najua."

"Lakini nitakayeulizwa ni mimi. Wamenitaka nisimame langoni na simu, nipige picha kila karavani ikipita." Alikunywa kahawa. "Huko juu pazuri. Kuna kivuli kidogo. Bahari haionekani, lakini usiku inasikika upepo ukiwa wa kusini."

"Nimekwisha kupaangalia," Vlasta alisema. Alikuwa amekwenda Juni, siku ya tangazo, akachagua pembe ambayo asubuhi ingepata jua kwanza. Alikuwa ameweka jiwe jeupe hapo la kushika nafasi, kama watu wa kambi walivyozoea, na jiwe lilikuwa bado lipo.

Alhamisi tairi la kushoto lilitoka. Tone alilizungusha kwa mkono, likatoa mlio kama punda, na safu nzima ilipiga makofi. Mtu alileta dagaa wa kuchoma, mwingine chupa. Tone alihutubia: "Nusu ya Kroatia imekombolewa! Nusu nyingine kesho!" Vlasta alikula dagaa wake na mkate. Jelka alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe hufurahi."

"Nafurahi."

"Hufurahi. Niambie."

"Ekseli," Vlasta alisema. "Imeliwa."

Jelka aliacha kutafuna. "Tone anajua?"

"Kesho ataona mwenyewe."

Ijumaa Tone aliona. Alikuwa amelala chini akitindua upande wa kulia, na ghafla mapigo yakanyamaza. Alipapasa ekseli kwa vidole. Alipotoka hakumtazama Vlasta. Alisema tu kwamba upande huu hauna haja ya kutinduliwa wote. Watachimba kuzunguka, trekta ling'oe zege pamoja na gurudumu kama jino na mzizi wake na kuliburuta, na kule juu watalivunja kwa nafasi. Ilikuwa akili nzuri. Ilipunguza kugonga karibu na chuma kilichochoka. Walichimba hadi giza likaingia.

Jumamosi hapakuwa na upepo. Marino alifika na trekta lake baada ya kifungua kinywa. Alikuwa mwenyeji wa kisiwa, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, ambaye babu yake ndiye aliyewahi kulimiliki eneo la kambi na kuliuza alipodhani halina faida kwa sababu halioti kitu. Tangu hapo familia yake ilikuwa ikivuta karavani za watu wa bara, kuzipandisha na kuziteremsha, na kuwacheka.

Alitazama shimo. Alitazama zege. Alivua kofia.

"Nani alifanya hivi?"

"Marehemu mume wangu."

"Mungu amrehemu. Alikuwa anamwogopa nani?"

"Bura."

"Bura inakuja, inaondoka," Marino alisema. "Hili haliondoki." Kisha akaona uso wa Jelka na kuongeza, "Ah, nimeng'oa mizeituni iliyokuwapo kabla ya Napoleoni. Leteni mnyororo."

Karavani nyingine zote za safu ya mbele zilikuwa zimekwisha kwenda. Ya Tone na Jelka ilipanda jana yake, ikiwa na vyungu vyao vya maua vimefungwa mlangoni. Kiwanja baada ya kiwanja kilikuwa kitupu, pembenne za nyasi zilizokufa kwa kukosa mwanga, na katikati yao ilibaki hii moja, nyeupe, mbao zake za kijani zimelundikwa kando. Vlasta aliingia ndani, akafunga kabati, akaweka sufuria sakafuni zisianguke, akaondoa kalenda ukutani. Kisha akatoka na kusimama mahali ambapo angeweza kuiona ekseli.

Marino aliukaza mnyororo polepole, kama mtu anayeijua kazi yake. Mkono wa kuvutia ulinyooka. Karavani ilisogea mbele kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, na Tone alipiga kelele: "Inakuja! Inakuja, mama, inatembea kuliko Drago!" Ikasogea tena. Tairi la kushoto lilizunguka na mlio wake wa punda. Kisha sauti ilitoka chini, si kubwa, sauti ya kitambaa kinene kinachochanwa, na karavani iliruka mbele, ikapiga pua ardhini na kulala kwa tumbo. Nyuma yake, shimoni, lilibaki zege na gurudumu la kulia limesimama wima, na ekseli iliyotoka humo ikaishia hewani. La kushoto lilibingiria hadi kwenye msonobari, likaegemea.

Marino alizima injini. Panzi waliokuwa wamenyamaza walianza tena.

"Nyumba yangu ya matofali," Vlasta alisema, "ilisogea kwa sekunde chache. Hii imetuchukua wiki."

Hakuna aliyecheka. Tone alijaribu, akashindwa, akakaa juu ya mbao.

Jelka ndiye aliyefikiria tela la boti. Marino alikuwa nalo, refu, la kuvutia mashua yake ya mbao wakati wa kuipaka lami. Karavani ikilazwa juu yake ingeweza kupanda hadi langoni. Tone aliruka. Alikimbia hadi mapokezi, akarudi na Petra, akizungumza njia nzima, na Vlasta aliwasikia kabla hawajafika.

"...magurudumu ni magurudumu! Tangazo linataka magurudumu, tunakuletea manne!"

"Linasema yake yenyewe, Mzee Tone."

"Yake, yangu, ya Marino! Mtu akiazima viatu, hajatembea?"

Petra aliitazama karavani iliyolala kifudifudi, na zege. Alitazama saa yake. Alimtazama Vlasta, ambaye hakuwa amesema neno na hakukusudia kusema, kwa kuwa hakuona sababu ya kumwongezea msichana uzito.

"Mimi nitakuwa langoni," Petra alisema taratibu. "Nitakuwa natazama chini, baharini. Kitu chenye matairi kikipita nyuma yangu, nitapiga picha ya nyuma yake. Nyuma ya karavani haionyeshi matairi." Aligeuka, akaanza kupanda njia. Kisha akasema bila kutazama nyuma, "Harakisheni."

Kwa hiyo baadaye Vlasta hakuwa na mtu wa kumlaumu, na alilikumbuka hilo kila alipotaka kumlaumu mtu. Sheria ilikuwa imelegezwa. Trekta lilikuwepo, tela lilikuwepo, na saa sita ilikuwa bado.

Marino aligeuza trekta na kuingiza mikono yake ya chuma, ile ya kunyanyulia marobota ya nyasi, chini ya karavani. Tone alipiga magoti akielekeza. "Kulia. Kulia kidogo. Hapo. Nyanyua." Karavani ilipanda. Ilipanda hadi usawa wa goti, hadi usawa wa kiuno, na mwanga ukapita chini yake, na Marino akaanza kurudi nyuma aielekeze kwenye tela.

Sakafu iliachia upande wa jikoni kwanza. Haikuvunjika kwa kishindo. Ililegea, ikainama kama mfuko wa karatasi uliolowa, na vitu vikaanza kutoka kwa zamu: sufuria, droo ya vijiko, jiko la gesi likining'inia kwenye mpira wake, kisha godoro, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani. Kabati lilifuata, na lililokuwa kabatini: nyuzi za kuvulia za Drago, mablanketi, na hema la rangi ya chungwa ambalo walifika nalo Smokvica mara ya kwanza, kabla hawajawa na karavani. Yote yalilala kwenye nyasi zilizokufa. Juu, kwenye mikono ya trekta, zilibaki kuta nne na paa, na ndani yake palionekana misonobari.

Marino alishikilia usukani. Hakusogea mbele wala nyuma.

"Nishushe?" aliuliza.

"Shusha," Vlasta alisema.

Alishusha kwa uangalifu uliokuwa hauna maana tena, bila kuvunja hata dirisha.

Petra aliteremka saa sita ilipopita. Alikuwa amengoja. Alisimama penye rundo, akainama, akaokota kijiko na kukiweka kwenye droo.

"Hema je?" Vlasta alimuuliza. "Pale juu. Hema hili bado zima."

"Mama." Petra alisogeza droo kando. "Hema hazimo kwenye mpango mpya. Si juu, si chini. Ni karavani na vibanda tu."

"Kambi isiyo na hema," Tone alisema. "Mnaiitaje? Hoteli?"

"Kibanda kimoja naweza kukuombea bei ya mwisho wa msimu," Petra alimwambia Vlasta. "Kwa wiki moja, pengine mbili."

"Ahsante. Wiki moja sina kazi nayo."

Ilikuwa kweli, na hakuisema kwa kiburi. Petra alitikisa kichwa, akasimama kidogo, kisha simu yake ikalia.

Walipanga vitu. Vyenye kufaa vilikuwa vichache: sufuria mbili, mablanketi, redio. Jelka alikunja nguo akilia bila sauti, akiziweka kwenye begi, akizitoa na kuzikunja upya.

"Uje kwetu," alisema. "Juni uje. Tutakutandikia kibarazani, uwe na mlango wako, usituone kama hutaki."

"Vibaraza havikuruhusiwa huko juu, Jelka. Umesoma mwenyewe."

"Basi ndani. Tone atalala nje, amezoea kamba."

"Nitakuandikia," Vlasta alisema, na akambusu kwenye mashavu yote mawili. Karavani ya Jelka ilikuwa na vitanda viwili, na kimoja hakikunjuki. Wote wawili walijua.

Marino alikuwa akilizunguka zege na kulipiga kwa ncha ya kiatu. Alisema wafanyakazi wa kampuni hawatalitoa, atawashauri wasijaribu. Watakata gurudumu kwa moto, watamwaga kifusi, na kibanda kitakaa juu yake.

"Kitakaa vizuri," Vlasta alisema. "Kwa upande huo bura haitakisumbua."

"Mumeo alikuwa fundi mzuri, mama."

"Alikuwa mfuaji chuma. Uashi alijifunzia hapa."

Aliomba dakika chache. Walidhani anataka kuoga baharini, na Jelka alimpa taulo. Hakuoga. Alipanda hadi uwanda wa juu kwa njia ya mizeituni, akapita karavani zilizofika, ambazo watu wake walikuwa wakisawazisha kwa vipande vya mbao na kugombana juu ya kivuli, akaenda hadi pembe yake. Jiwe jeupe lilikuwepo. Aliliokota, akalitupa upande wa pili wa ukuta wa mawe, ili mtu mwingine asiogope kupachukua. Kisha akarudi.

Tone alimpeleka kwa gari lake hadi mjini, kwenye basi la kivukoni. Begi lilikuwa kiti cha nyuma na hema juu yake, kwa sababu Jelka alikuwa ameling'ang'ania akasema halitupwi. Ili kufika lango kuu walipita safu ya tatu, ya watu wa wiki mbili mbili, ambao tangazo halikuwahusu na ambao hawakujua lolote. Walikuwa wakipika. Smokvica mtu anayeondoka haagwi kwa kwaheri. Neno hilo halitumiki pale, linadhaniwa kuwa na mkosi. Gari lililobeba mizigo likipita, waliopo hupiga sufuria kwa vijiko na kuita, "Mwakani!" na anayeondoka hujibu neno lilelile.

Mwanamke mmoja mwenye aproni aliliona begi nyuma ya kioo. Alinyanyua kifuniko cha sufuria.

"Mwakani!" aliita, akakigonga.

"Mwakani!" wakaitikia wa pembeni yake, na wa mbele yao, na sufuria zikalia safu nzima, zile za alumini na zile nzito, na mzee aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa mtini alipiga beseni kwa wembe.

Tone alipunguza mwendo, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyo desturi, kisha akajuta na hakujua aongeze au asimame. Vlasta alishusha kioo. Watu walikuwa wakimtazama, wakitabasamu, wakingoja.

"Mwakani," alisema.

Alikipandisha kioo. Tone alibadilisha gia. Baada ya lango barabara huanza kupanda.